Dumu la Bahari Hadi Bahi

Kila anayeingia hapa dukani kwangu Chang'ombe kutoa kopi ananiuliza lile lile: "Neema, si ulisema unakwenda Kilwa wiki nzima? Mbona siku ya tano tu tukakuona?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu nampa mwanzo, yule nampa mwisho, halafu mnakutana njiani mnabishana nani kaambiwa ukweli. Sasa nimeandika yote. Someni, na mkimaliza mnirudishie karatasi zangu.

Bahi, kabla ya safari

Lazima nianze na chumvi, la sivyo hamtaelewa kwa nini mwanamke wa miaka sabini alibeba sufuria nyeusi ya masizi kwenda nayo likizo.

Mama yangu ni mtu wa Bahi, kule karibu na mbuga, ile tambarare inayogeuka ziwa mwaka wa mvua. Zamani kwao chumvi ilikuwa hainunuliwi dukani. Kiangazi mbuga ikikauka, udongo wa juu unaota weupe. Wanawake wanaukwangua, wanautia kwenye chungu chenye matundu chini, wanamwagia maji, yale maji yanachuruzika taratibu, halafu wanayachemsha kutwa nzima mpaka yakauke. Siku nzima ya moshi machoni kwa chumvi ya kujaza viganja. Mama aliifanya kazi hiyo tangu akiwa binti mdogo.

Baba alikuwa utingo wa lori ujanani mwake, na lori lilimfikisha mpaka Kilwa. Aliporudi akamkuta huyo binti kwenye moshi wake, akamwambia, "Unajitesa bure. Mimi nimefika mahali ambapo maji yenyewe yana chumvi. Huchuji udongo. Unachota, unachemsha, basi."

Mama akamjibu, "Wewe ni muongo." Na akaolewa naye hivyo hivyo.

Huo ubishi ndio uliotulea. Mboga ya mlenda ikipungua chumvi, baba anaanza: "Tungekuwa Kilwa hapa, ningetoka tu nje na kikombe." Mama anamjibu kwamba chumvi isiyotoka kwenye udongo ni uchawi, siyo chumvi. "Nitakupeleka ukaone!" "Nipeleke basi!" Hakumpeleka. Mwaka huu njaa, mwaka ule kuna mgonjwa, mwaka mwingine sisi tunakwenda shule. Mwaka jana baba akafariki.

Baada ya matanga mama akanyamaza. Chakula anakula, lakini hasemi kimezidi chumvi wala kimepungua. Hapo ndipo nilipoogopa. Siku moja tumetoka kanisani akasema, bila kunitazama, "Baba yako kaondoka na ubishi wetu haujaisha." Wiki ile ile nikatafuta mtu wa kunishikia duka.

Alichotaka ni kimoja tu: ayachote maji ya bahari kwa mkono wake, ayachemshe mwenyewe, aone kama mumewe alikuwa muongo. Kuogelea na kupiga picha hayo yalikuwa mambo yangu.

Dodoma hadi Kilwa

Ya treni sina la kusimulia, mmeshaipanda. Mama alikaa dirishani na sufuria yake mapajani, na kila tulipopita kijani kingi alikuwa akisema, "Hawa watu Mungu anawapenda kuliko sisi." Dar tukalala kwa binamu yangu, asubuhi tukashika basi la Kilwa.

Kilwa Masoko tulifikia kwa Bi Zuhura, mama wa makamo mwenye vyumba vitatu vya wageni, kicheko kikubwa na ufagio usiotoka mkononi. Mama alimkabidhi zawadi zake: unga wa uwele na mlenda mkavu. Bi Zuhura akaunusa mlenda, akauliza, "Dada yangu, hii dawa ya tumbo?" Mama akacheka kwa adabu. Jioni Bi Zuhura naye akatuletea wali wa nazi na pweza. Mama akakihesabu kile kitu miguu, akakisukuma upande wangu. "Kisicho na mfupa kilisimamaje?" Ikabidi nile sahani mbili.

Lakini nimeruka. Kabla ya pweza, tulipofika tu, mama hakutaka hata kunawa uso. "Nipeleke." Tukateremka ufukweni. Jamani, maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yetu palikuwa na tope jeusi linakwenda mpaka mbali, vidimbwi huku na huku, kina mama wameinama wanachokoa vitu matopeni. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mwembamba kule mwisho.

Mama akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Neema," akasema, "tumechelewa msimu. Imekauka."

Msimcheke. Bahi ndivyo ilivyo. Mwaka wa mvua ziwa linajaa watu wanavua samaki, mwaka wa jua unakuta ng'ombe wanapita katikati. Yeye alichokiona pale ni mbuga yake ya kiangazi. Nikamweleza kwamba maji yatarudi kesho asubuhi. Akaniangalia vile alivyokuwa akimwangalia baba.

"Kesho asubuhi? Ziwa zima lijae kwa siku moja?" Akageuka kupanda. "Na wewe umeanza."

Kilwa, asubuhi ya kwanza na ya mwisho

Niliamshwa na upepo. Haukuwa mkali bado, ila ulikuwa hautulii, mara unatoka huku mara kule, na mawingu yalikuwa yanakimbia chini chini. Tuko kwenye chai na mkate wa kumimina, Bi Zuhura akaingia na redio mkononi, uso umebadilika.

"Wametangaza. Kimbunga kiko baharini kinakuja upande wetu. Mvua kubwa, kubwa sana, na upepo. Kesho kitakuwa kimefika."

Mama akasikia mvua kubwa sana. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono juu, akapiga kigelegele kile cha Kigogo kinachofika mtaa wa tatu. "Asante Mungu! Wamebarikiwa hawa! Zuhura, mmebarikiwa!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu mtu akikutangazia mvua kubwa unamwandalia kuku. Mwanamke aliyezaliwa Bahi hajawahi kusikia kwamba kuna mvua ya kukimbiwa. Bi Zuhura alikuwa bado amesimama na ile redio.

"Dada," akasema polepole, "usinishangilie. Mvua hiyo kwetu ni msiba."

Mama alishusha mikono. Sijawahi kumwona mama yangu amefadhaika vile. Akasimama, akapokea redio, akaiweka mezani, akamshika Bi Zuhura mikono yote miwili. "Nisamehe mama. Sisi kwetu tunaililia."

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Majirani walikuwa juu ya mapaa wanafunga kamba na kupandisha mawe juu ya mabati. Mashua zilivutwa nchi kavu. Mwenye basi akatuma ujumbe kwamba gari la saa nne ndilo la mwisho, kwa sababu barabara ya huku ikijaa maji hapapitiki. Kama tunaondoka ni sasa, na kama tunabaki, tunabaki na wenyewe.

"Sufuria yangu," mama akasema. "Zuhura alisema leo atanipa kuni."

"Mama, hakuna kupika leo."

"Sijaja kutembea mimi, Neema. Nimekuja kupika."

Bi Zuhura ndiye aliyetuokoa. Akatoka jikoni na dumu la lita tano, amelisuuza bado linanuka mafuta ya nazi. "Chukua dada. Uyapike kwako. Maji ni yale yale. Lakini mwende upesi, na msiingie ndani, bahari leo haina adabu."

Tukateremka. Na kweli, bahari ilikuwa imerudi, tena imerudi na hasira. Lile tope lote la jana lilikuwa halipo, maji yamefika mpaka kwenye mizizi ya minazi, ya rangi ya chai ya maziwa, yanajitupa na kurudi. Kelele zake zilinifanya nimshike mama kiwiko.

Yeye akautoa mkono wangu. Akavua ndala, akazipanga vizuri pembeni kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akapiga magoti nusu, akasema kwa sauti, "Mbukwenyi!"

Hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo, kama mnavyonisikia nikisalimia wazee wanaotoka vijijini. Aliisalimia bahari kama mkubwa wake. Wimbi likaja likamfika magotini, kanga ikalowa, akacheka kidogo kwa kushtuka. Akachota kwa mkono, akaonja.

Nikasubiri. Alikaa na yale maji mdomoni, macho kafumba.

"Mh," akasema. Basi.

"Baba alikuwa mkweli, si ndiyo?"

"Kuonja siyo kupika. Hata machozi yana chumvi, umewahi kuyatia kwenye mlenda? Leta dumu."

Tulikaa pale dakika kumi. Miaka yote ile ya "nitakupeleka," halafu dakika kumi, na nusu yake nikimvuta nguo tuondoke. Tulipokuwa tunapanda akageuka mara mbili. Mara ya pili akasema, "Angenisubiri basi tuje wote." Nilibeba dumu tu.

Kilwa hadi Dar

Ndani ya basi hakukuwa na zile soga za kila safari. Wengi walikuwa wakipiga simu kuulizia wazee waliowaacha. Mvua ilitukuta Somanga, ikatusindikiza. Mama hakuifurahia hata tone moja. Kila iliposhuka kwa nguvu alikuwa anasema, "Zuhura na lile bati lake," na kulikumbatia dumu.

Kondakta alitaka dumu liende kwenye buti. Mama akakataa. Akamwambia, "Mwanangu, haya maji nimeyangoja tangu sijazaa." Kondakta akaniangalia mimi, nami nikamwangalia yeye. Akaliacha.

Kwa binamu yangu tulipofika, mama alilifunga lile dumu kwa kitambaa cheupe cha meza, mfuniko usije ukalegea. Kumbukeni hicho kitambaa cheupe.

Dar hadi Gairo, na mbele kidogo

Viti vya treni tulivyokuwa navyo vilikuwa vya wiki inayofuata, kwa hiyo tukapanda basi. Mpaka Morogoro shwari. Gairo tukanunua viazi vitamu vya kuchemsha dirishani, mama akala viwili, nikaona rangi imemrudia. Hewa nayo ikaanza kuwa kavu. Mama akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sasa pua yangu imefika kwao."

Tumeiacha Gairo kidogo tu, basi likakohoa, likakohoa tena, likagoma. Dereva akafungua mashine, akaangalia ndani, na yule anavyoangalia unajua kabisa hajui. Tukashuka wote tukakaa kwenye majani pembeni, upepo wa mwezi wa tano unapuliza, alizeti zimekauka shambani. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili.

Mama alikaa na dumu lake la kitambaa cheupe mapajani, mikono miwili juu yake, midomo inacheza. Mimi nilijua anachosema, alikuwa anamlalamikia baba. Lakini mdada mmoja aliyevaa rozari mbili shingoni akasogea, akapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, hayo ni maji ya upako?"

"Hapana, mwanangu. Ni ya baharini. Nakwenda kupika chumvi."

Yule dada akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeelewa. Akarudi kwa wenzake, nikasikia, "Anaficha. Ya nguvu huwa hawasemi." Ndugu zangu, mtu akiamua kuamini, ukimkatalia ndiyo unamthibitishia. Mzee mmoja akaja kutaka mashine inyunyiziwe. Mama akamwambia, "Chumvi na chuma havipatani, baba, mtalala hapa." Wakatazamana wakatikisa vichwa: bibi anasema kwa mafumbo.

Kisha yule dada akaja na kifuniko cha chupa. "Bibi, hata tone. Mdogo wangu hana kazi mwaka wa tatu."

Hapo nikajua tumekwisha. Kwa sababu ninyi wa kuhamia mnaweza msijue, lakini Ugogoni mtu akikuomba maji humnyimi. Utamnyima nyama, utamnyima hata nafasi ya kukaa, ila siyo maji. Mama alitufinya masikio kwa hilo tukiwa wadogo, hata siku ambazo ndoo ya mwisho ilikuwa imetembelewa nusu siku.

Akafungua kitambaa. Akamiminia. Nyuma ya yule dada kukawa na mwingine, na mwingine, na vikombe, na chupa za soda. Mama kila mmoja alimwambia, "Ni ya chumvi, msinywe," na kila mmoja alijibu, "Amina." Nilikuwa naona maji yanashuka ndani ya dumu, na mama bado anamimina.

"Mama, acha!" nikasema. "Ni ya baba hayo!"

"Kwa hiyo niwaambie nini? Kwamba ninayo na siwapi?" Macho yalikuwa yamemjaa. "Unataka nifike Bahi nimenyima watu maji?"

Aliyekuwa anafuata kwenye foleni alikuwa mama mmoja mnene wa Mlali, shamba la mahindi limemkomaza viganja, amebeba jembe jipya amelifunga gazeti. Alipokea kikombe chake, akachovya kidole, akaweka ulimini. Akasimama tuli.

"Hii ni bahari kweli," akasema. "Mimi niliolewa Lindi miaka sita. Hii ni bahari." Akamgeukia mama. "Mbukwenyi. Unasema unakwenda kupika chumvi?"

"Mbukwenyi. Ndiyo. Nina ubishi na mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Tumemzika."

Yule mama hakusema pole. Alichukua dumu, akarudisha maji ya kikombe chake mle ndani kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone. Kisha akawageukia wale watu na jembe lake mkononi. "Bibi kawaambia chumvi, ninyi mnasema amina! Nani hapa anataka kumpokonya mjane ubishi wake? Rudisheni!"

Wengine walikuwa wameshajipaka, wengine wameshapiga funda na wanatema pembeni nyuso zimekunjamana. Lakini waliobaki wakaja, mmoja mmoja, wakarudisha. Yule dada wa rozari akaja wa mwisho, akamimina kifuniko chake, akasema, "Nisamehe bibi." Mama akamwambia, "Nitamwombea mdogo wako hata bila maji."

Yalirudi maji ya karibu nusu dumu. Basi likaja jingine kutuchukua. Tulipofika njia ya Mlali yule mama akashuka na jembe lake, na sikumuuliza hata jina. Hilo linanikera mpaka leo.

Bahi tena

Dodoma tulifika usiku, na kesho yake hatukukaa. Tulikwenda Bahi, na kutoka barabarani mpaka nyumbani mama alipanda bodaboda na dumu katikati yake na dereva, mimi nyuma na sufuria kwenye pikipiki nyingine. Mpunga ulikuwa unavunwa. Watu walituita kutoka mashambani, mama hakusimama.

Kabla hajawasha moto, alinitaka nimpigie simu Bi Zuhura. Ililia sana ndipo ikapokelewa. Paa la jiko limekwenda na mnazi umelalia ukuta wa chumba tulichokuwa tumelala, lakini wote wazima, na uji wa uwele ndio waliokunywa usiku ule. Mama akashukuru, akakata, akakaa kidogo na simu mkononi. "Na mimi nilimpigia kigelegele," akasema.

Akapanga mafiga nje, mahali pale pale alipokuwa akipikia tangu ujana. Akamimina maji yote. Hakuniruhusu kuchochea. Yalichemka, yakapungua, yakawa meupe, yakaanza kuruka ruka pembeni. Akapunguza kuni. Jua lilipofika upande wa mbuga, chini ya sufuria kulikuwa na kitu cheupe, chembe ndogo ndogo, hazizidi vijiko vitano vya chakula.

Chumvi.

Mama aliikwangua yote, akaiweka kwenye kisahani. Akapika ugali na mlenda, akanyunyiza. Akaonja.

"Mzee alisema kweli," akasema. Kisha akatafuna kidogo, akakunja uso. "Lakini ina uchungu kwa nyuma. Yetu ya udongo ni tamu kuliko hii. Zikiwekwa pamoja, yetu inashinda."

Na akageuka. Aligeuza shingo kuelekea kwenye kigoda cha baba pale karibu na mlango, ametulia, kijiko mkononi, anasubiri ajibiwe. Nilimwona anakumbuka. Nilimwona uso unavyoshuka, na nikajua kwamba ndiyo hii, safari yote ile, Kilwa na kimbunga na dumu, imefika hapa na hapa hapana mtu.

Nikavuta kigoda cha baba, nikakikalia. Nikachota mlenda, nikaonja.

"Mama, usidanganye watu. Ya baharini ndiyo tamu. Hiyo yenu ya Bahi ina ladha ya kwato za ng'ombe."

Akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja, halafu mwingine.

"We mtoto," akasema, "umerithi uongo wa baba yako!" Na akacheka, jamani, akacheka mpaka jirani akachungulia.

Tukabishana mpaka ugali ukapoa.